Chuma Laini cha Tangi la Mzee Kimani

Kabla sijasema lolote, chukueni waya. Si wa stima, tafadhali, sitaki mama zenu waje kulia kwangu. Chukueni waya wa kawaida wa kufungia nondo. Ushike kwa mikono miwili, uupinde mbele, uupinde nyuma, haraka haraka, mahali pale pale. Kabla haujakatika, gusisha pale palipopinda kwenye mdomo wako wa juu. Umeungua? Vizuri. Sasa unajua jambo ambalo Mzee Kimani wa Kiamunyi alikataa kulijua mpaka ardhi yenyewe ilipomfundisha, na ukaidi wake huo ulikaribia kuninyima mke.

Mimi ni Barasa, fundi wa chuma, mstaafu. Nikipita Bondeni, vijana mnaochomelea mageti hunipigia kelele, "Niaje mzee, si uone hii kazi!" Nami huona. Naona chuma kingi na akili imewekwa kidogo kama chumvi. Bomba nene, bati nene, bawaba nene, halafu geti lenyewe limefungwa kwenye nguzo ya mbao iliyooza. Ugonjwa wa fundi kijana ni kuamini kwamba kitu kinene ndicho kitu kizima. Msinune. Na mimi niliugua ugonjwa huo, tena vibaya.

Aliyeanza kunitibu ni Mzee Pritam, Singasinga mwenye karakana pembeni mwa Bondeni, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe zilizoungua ncha kwa cheche za moto. Alikuwa hakagui kazi kwa macho. Aligonga kila mahali ulipochomelea kwa nyundo ndogo, akainamisha sikio. Kazi nzuri ililia kama kengele. Kazi mbaya ilikohoa. Ikikohoa, alikupa tindo na kukuambia kwa upole, "Barasa, wewe nafunga, wewe nafungua." Nilifungua kazi zangu mwenyewe mpaka nikaanza kuota tindo.

Pale karakana tulikuwa na adabu zetu, na adabu ya kwanza ilikuwa kumtesa mgeni. Mtu akiajiriwa leo, kesho anatumwa kwa jirani akaazime kamba ya kupimia moto. Jirani naye anaijua kazi yake. Anamkalisha, anakuna kichwa, anasema, "Nilimpa yule wa kona," na mgeni anaenda kona. Mimi nilizunguka mji mzima nikitafuta hiyo kamba, nikarudi na kamba ya katani niliyoinunua kwa hela zangu, nikamwambia Mzee Pritam kwamba ya moto imeisha madukani. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Kamba hiyo tuliitumia kufungia mlango wa choo hadi ikaoza.

Sasa nije kwenye tangi. Ilikuwa miaka ya sabini, na wakati huo Kiamunyi haikuwa na magorofa. Yalikuwa mashamba matupu. Mzee Kimani alikuwa amenunua kipande cha shamba la mzungu aliyeondoka, akafuga ng'ombe wa gredi, akachimba kisima, na sasa alitaka tangi la maji juu ya mnara wa chuma. Mnara uwe mrefu kiasi cha kuonekana kutoka barabarani. Maji yangeweza kushuka kwa mnara mfupi, lakini sifa zingeshuka pia.

Mchoro ulifanywa na Injinia Mutiso, kijana mpole mwenye miwani, aliyekuwa ametoka kusoma ng'ambo. Alikuja karakana, akauweka mchoro juu ya meza ya Mzee Pritam, na hapo nikasikia jambo la ajabu kuliko yote niliyowahi kusikia katika kazi hii.

"Bonde hili hutikisika," alisema. "Nyinyi wenyewe mnajua. Tangi likijaa maji, mnara unabeba kichwa kizito kwa miguu mirefu. Ardhi ikienda huku, kichwa kinabaki kule. Tukifanya kila chuma kiwe kigumu, nguvu ya mtikisiko itatafuta pa kutokea, na itapapata kwenye bolti za chini. Bolti zikikatika, hakuna wa kulishika tangi. Afadhali tuipe hiyo nguvu kitu cha kula."

Akatuonyesha. Kila upande wa mnara kulikuwa na vyuma vya mshazari vya kuushikilia usiyumbe. Katikati ya vyuma hivyo, Mutiso alikuwa amechora kipande kimoja kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi. Mnara ukiyumba, kiatu hicho kingefunguka na kufumba, kufunguka na kufumba, na kila kikipinda kingekula sehemu ya mtikisiko. Alisema katika nchi zenye matetemeko makubwa, watu walikuwa wameanza kujaribu vitu vya namna hiyo.

Mzee Pritam aliutazama mchoro, akamtazama Mutiso. "Yaani hii chuma kazi yake iko kupinda tu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi miaka yote napiga hawa vijana kelele, chuma hapana pinda, hapana pinda. Leo wewe nalipa mimi ipinde?"

"Ipinde bila kuvunjika. Hiyo ndiyo shida yake."

"Barasa," Mzee Pritam akaniita, "hii kazi yako. Yako yote napinda."

Karakana nzima ikanicheka, nami nikaapa kuwanyamazisha. Nikatafuta chuma bora kuliko vyote pale, nikakipata kwenye rundo la springi kuukuu za lori. Hakuna chuma kitamu kama cha springi. Nikakipasha moto, nikakipinda vizuri kabisa, na kwa kuwa ndivyo tulivyofanya tukitengeneza tindo, nikakitumbukiza kwenye maji kikiwa chekundu. Kikalia *shhh*, nami nikajiona mfalme.

Mutiso alikuja kukijaribu. Tulikibana upande mmoja kwenye jiliwa, upande wa pili tukavisha bomba refu la kusukumia. Akasukuma. Kiatu kikakubali kidogo, kisha kikamrudisha Injinia wa watu mpaka ukutani. Akavua koti, akasukuma tena kwa nguvu zaidi. Kikapasuka *paa!* Kipande kikatoka dirishani kama kimeitwa, kikatua ndani ya karai la mafuta la Mama Atieno, aliyekuwa akikaanga mandazi nje ya karakana.

"Barasa!" sauti ikaja kutoka nje. "Leo mnanisaidia kupika?"

Mafuta hayakumgusa, namshukuru Mungu, lakini mandazi ya siku hiyo tuliyanunua sisi, yote, na tukayala na masizi yake.

Mutiso hakunigombeza. Alifuta miwani akaniambia, "Fundi, springi ni mkaidi. Ukiisukuma, inakurudishia ulichoipa. Mtikisiko ukiingia humo utacheza huko ndani na kurudi. Na wewe umeizidisha kwa maji, imekuwa kavu kama biskuti. Mimi nataka chuma laini. Chuma mjinga, kinachopewa bila kurudisha."

"Kinapeleka wapi kinachopewa?"

Ndipo akaokota waya sakafuni, akaupinda mbele na nyuma, akaugusisha kwenye mkono wangu. Nikaruka. "Kinapeleka hapo," akasema. "Kinageuka joto, joto linakwenda na upepo. Basi."

Nawaambia ukweli, nilikaa usiku ule nikipinda waya mpaka mwenzangu wa chumbani akanitishia kunihamisha. Nilikuwa nimefanya kazi ya chuma kwa miaka, na kila waya niliokata kwa mikono ulikuwa umenichoma vidole, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Viatu vilivyofuata nilivitengeneza kwa chuma laini cha kawaida, nikavipasha moto taratibu na kuviacha vipoe vyenyewe ndani ya majivu. Andikeni hilo. Chuma cha kukata, kitumbukizeni majini. Chuma cha kupinda, kilazeni kwenye majivu kama mgonjwa na mwondoke.

Tukaenda kusimamisha mnara Kiamunyi, na huko nikakutana na Njoki.

Njoki alikuwa binti ya Mzee Kimani, ndiye aliyesimamia maziwa, kukamua na kuyapeleka mjini. Alikuwa mashoto, na alikuwa na ulimi. Siku ya kwanza aliniuliza kama mnara ule ni wa maji au ni wa baba yake kupandia mbinguni. Nilikuwa nimeuma bolti mdomoni, nikacheka, nusura niimeze. Tangu hapo kila kazi niliyoweza kuimaliza asubuhi niliiburuta mpaka jioni, na Mzee Pritam, ambaye hakuwa kipofu, alinunua mafuta ya kulainisha bolti akaniambia ninywe.

Mzee Kimani naye hakuwa kipofu. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya pama, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Mimi hakuniita jina. Aliniita "kijana wa Singasinga." Na chai yake ilisema yaliyobaki. Shamba limejaa ng'ombe wa gredi, maziwa yanamwagika kwenye madebe, wageni wote wanakunywa chai ya maziwa, na mimi ananiletea strungi, chai isiyo na maziwa. Strungi, kwenye shamba la maziwa! Hata mbwa wake alikuwa akilamba maziwa akinitazama.

Hata hivyo nilijikaza, nikamwendea kama mwanamume, nikamwambia nampenda Njoki na nataka kuleta wazee wetu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Akaelekeza fimbo yake kwenye mnara.

"Unaona hii tangi? Hii tangi ndio jina yako hapa kwangu. Ikisimama sawa mpaka mvua kubwa iishe, lete wazee tuongee. Ikianguka, ama hata iiname kidogo, usiwahi kanyaga hapa tena. Njoki ataolewa na mtu kazi yake inasimama."

Nilifurahi kupita kiasi. Kazi yangu niliijua. Nikasahau kwamba huyo mzee ana macho, na juu ya mnara kuna viatu vya farasi.

Aliviona siku tulipokuwa tunapaka rangi. Akasimama chini akiwa ameshika kofia. "Na hiyo nyembamba ni nini? Hiyo si naweza pinda na goti?"

"Ndiyo kazi yake, Mzee," nikasema. "Ardhi ikitikisika, hivyo vinapinda ili mnara usivunjike."

"Kazi ya chuma ni kusimama."

Nikachomoa waya mfukoni, nikataka kumwonyesha ule mchezo wa joto. Akausukuma mkono wangu. "Mimi si mtoto wa kuchezeshwa na waya. Singasinga ameishiwa na chuma, sasa mnaniwekea waya ya banda la kuku."

Njoki aliniletea habari mjini siku chache baadaye, amesimama na madebe yake matupu mlangoni mwa karakana. Hakuwa na utani siku hiyo. "Baba ameita fundi wa Njoro. Amechomelea bati nene juu ya kila kiatu chako. Hakuna kinachoweza kupinda tena."

Mjue kwamba jiko la mama yake Njoki lilikuwa pale pale chini ya mnara. Mama alilipenda pale kwa sababu maji yalikuwa karibu, na alikataa kulihamisha hata tulipomwomba. Viatu vikiwa vimefungwa, nguvu yote ya mtikisiko ingeshuka kwenye bolti za miguuni, na tangi lililojaa lingemlalia mama wa watu juu ya sufuria yake. Mambo ya ndoa yangu yakawa madogo. Niliogopa kwa kweli, na si aibu kulisema.

Mutiso alipanda baiskeli siku hiyo hiyo akaenda kumwomba mzee aviondoe viraka. Mzee Kimani alimpokea vizuri sana, akampa chai ya maziwa na viazi vya Kuresoi, akamsifu mchoro wake, akamsindikiza mpaka barabarani, na asiondoe hata kiraka kimoja. "Nimeshiba," Mutiso akatuambia aliporudi, "lakini sijasikilizwa." Mzee Pritam alijaribu pia. Naye alirudi ameshiba.

Aliyepata njia ni Njoki. "Baba anataka kuona bati nene," alisema. "Haya, aone bati nene. Hakuna aliyesema lazima liwe zima."

Nilimwelewa polepole, maana mimi ni fundi na mafundi hatufikirii uwongo haraka. Tungekata kila kiraka katikati, mara mbili, tukatoa ukanda wa upana wa kidole, pengo likabaki. Pengo lingekiachia kiatu nafasi ya kufunguka na kufumba. Kisha tungeliziba kwa kitu laini na kupaka rangi, na Mzee Kimani angeendelea kuwaonyesha wageni chuma chake kinene. Gesi ya kukatia hatungeweza kuitumia, kwani mtungi haubebeki kwa baiskeli na rangi iliyoungua ingetutangaza. Ilibaki msumeno wa mkono.

Na siku ilikuwa moja tu ya kufaa, Jumapili, mzee na mkewe wakiwa kanisani. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya shamba, karibu kiasi cha kusikia nyimbo. Tulipanga hivi. Wakiimba, tunakata. Wakiomba, tunanyamaza. Sijawahi kuupenda wimbo mrefu kama nilivyoupenda Kiamunyi. Mhubiri akianza kuhubiri, tunakaa juu ya mnara tumeshika misumeno, Njoki upande huu mimi upande ule, tunatazamana tukiombea kwaya ipandishe. Akina mama wakianza kitu chenye beti nyingi, Njoki ananikonyeza, na mkono wake wa kushoto unakimbia. Huko kukata kulituchukua Jumapili kadhaa. Kila Jumapili Njoki alihitaji ugonjwa mpya wa kumbakiza nyumbani. Wa kwanza ulikuwa jino, ukafuata tumbo, kisha kichwa, kisha macho. Kanisa likaanza kumwombea. Mama mmoja wa huko alimletea dawa chungu ya miti shamba, naye akalazimika kuinywa mbele ya baba yake mpaka tone la mwisho. Aliniambia kwamba kwa dawa ile tu, ninadaiwa mapenzi ya maisha yote.

Kuziba mapengo ndipo nilipoharibu. Ningetumia nta. Lakini nta sikuwa nayo, na jikoni kulikuwa na sabuni ya mche, laini, inayokandika vizuri kwa kidole. Nikaichanganya na unga wa mbao, nikajaza, tukapaka rangi juu. Ukiangalia kutoka chini, bati lilikuwa moja, nene, lenye heshima. Mzee Kimani alizidi kupapenda pale. Alileta kigoda chake, akawa anaketi chini ya tangi jioni na kuwaambia wageni, "Ile nyembamba ya Singasinga nimeifunika. Hii sasa ni chuma."

Halafu mvua ikaanza.

Rangi haikuwa imekauka sawasawa kwenye nyufa. Njoki ndiye aliyenisimulia mambo hayo, na mpaka leo hayasimulii bila kushika ubavu kwa kicheko. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, baba yake akatoka kutazama tangi lake, akakuta chuma chake kinene kinatoa povu. Povu jeupe, safi, linateremka kwenye miguu ya mnara mpaka majanini.

"Njoki! Hii ni nini?"

"Ni joto la chuma, Baba. Chuma kipya hutoa jasho."

Mzee alilipaka povu kwenye kidole, akalinusa. "Linanukia kama shuka yangu," akasema, akaingia ndani akifikiri. Njoki alinitumia neno kupitia kwa mwenye lori la viazi kwamba mzee amenusa, na nisije Jumapili hiyo kuziba upya hata kama kwaya itakesha.

Ardhi haikungoja. Nilikuwa karakana. Kwanza vile vifaa vilivyotundikwa ukutani vilianza kugongana, nami nikadhani ni lori linapita. Kisha sakafu ikasogea. Mtu aliyepata kuhisi sakafu ikisogea chini yake hasahau. Mama Atieno alipiga yowe, mafuta yakamwagika, Mzee Pritam akaturuka sote akawa wa kwanza barabarani, mzee wa ndevu nyeupe, akipiga kelele, "Toka! Acha chuma, toka!" Tetemeko likanyamaza. Likaja tena. Likanyamaza kabisa, na mbwa wote wa Nakuru wakabweka.

Mimi nilikuwa tayari juu ya baiskeli. Sikuaga hata mtu. Njia yote ya Kiamunyi nilikuwa naona jiko tu, jiko na mama Njoki ameinama. Nilipita shamba la jirani nikaona tangi lake, lililokuwa juu ya nguzo za mawe, limelala kwenye mahindi. Nikaisukuma baiskeli mlimani nikilia, nasema wazi.

Kisha nikaona mnara wa Mzee Kimani. Umesimama.

Mama Njoki alikuwa nje, amefunikwa unga kichwa kizima, anawagombeza kuku. Maji yalikuwa yamemwagika kutoka juu na kuloanisha kila kitu. Viatu vyangu vilikuwa vimepinda vibaya, vimefunguka na kujikunja, rangi imebanduka magamba magamba. Na viraka vya fundi wa Njoro vilikuwa wazi kama midomo, kila kimoja na pengo lake lililokatwa kwa msumeno, sabuni imetemwa nje.

Mzee Kimani alikuwa kwenye ngazi, kofia haipo, kiganja chake kimelala juu ya kiatu kimoja. Njoki alikuwa chini, ameshika ngazi.

"Kilikuwa na joto," mzee akasema bila kugeuka. "Njoki ameniambia guza haraka, nikaguza. Kilikuwa na joto."

Akashuka, akaniambia, "Pima."

Nikatoa timazi. Nikaiteremsha kamba kutoka juu, nikangoja ule uzito wa risasi uliofungwa chini utulie. Kama mnara umeinama, nilikuwa nimepewa hukumu yangu mapema. Kamba ikasimama. Nikapima upande wa pili, kisha wa tatu. Mnara ulikuwa wima.

"Haujainama, Mzee."

"Nimeona." Kisha akachukua fimbo yake, akaigusisha kwenye pengo moja la kiraka. "Nani amekata chuma yangu?"

"Mimi, Mzee."

"Zote?"

"Zote."

"Wewe unadanganya." Akaelekeza fimbo upande mmoja. "Hii imekatwa inaenda kulia." Akaelekeza upande mwingine. "Hii inaenda kushoto. Miaka yote nakula mkate umekatwa hivyo kwa hii nyumba, unadhani sijui huo mkono?" Akamgeukia Njoki. "Na macho yako imepona?"

Njoki alitazama chini, akaanza kuokota magamba ya rangi. Mzee akaniambia nirudi mjini. Nilishuka Kiamunyi nikijua mnara umesimama na mimi nimeanguka.

Zilipita siku za mateso, kisha mwenye lori la viazi akaleta ujumbe karakana. Mzee Kimani anataka viatu vipya. Sasa sikilizeni, vijana, kuna somo hapa na sitalirudia. Chuma kilichopinda kikaokoa nyumba, kimechoka. Usikinyooshe ukakirudisha kwa sababu kimesimama mara moja. Kishukuru, kitoe, weka kingine. Nilitengeneza vipya kwa mikono yangu, nikavilaza kwenye majivu, na Mzee Pritam akavigonga kimoja kimoja kwa nyundo yake. Kisha akaniazima koti lake la kwenda nalo kwa mzee.

Kule Kiamunyi nilifanya kazi kutwa, mzee akiwa kando yangu. Alishika upande wa pili wa spana, nilipofungua bolti akaniokotea, nilipoomba nyundo akanipa. Viatu vipya vikakaa. Nikaokota vile viraka vinene tulivyovibandua kutoka kwenye majani, nikamuuliza kwa uangalifu, "Na hivi, Mzee? Tuvirudishe juu?"

Alivitazama sana. Kisha akavichukua, akaenda kuvilaza mlangoni mwa zizi, ng'ombe wasikanyage tope.

"Nyembamba ziache wazi," akasema. "Watu wakicheka, waambie waje wakae hapa chini, na mimi nikae hapa chini, tuone nani ataogopa."

Akavuta kigoda chake, akakiweka chini ya tangi, karibu na jiko la mkewe, akaketi. Akanielekeza kwa fimbo nikae kwenye debe lililokuwa mbele yake. Nikakaa. Akainua ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

"Njoki! Leta chai. Na huyu fundi wako, yake weka maziwa."